Koksineli yangu ya 1972 na mji ulioisahau

Mwezi wa pili, jioni moja mvua imetoka tu kukatika, taa nyekundu ya dashibodi ikawaka nikiwa mu komini ya Kenya, hapa Lubumbashi (Lushi) kule Kongo, na mtu yeyote mwenye Volkswagen ya zamani anajua taa hiyo haina mchezo. Ni taa ya dinamo, sawa, lakini kwenye Koksineli, yaani ile Volkswagen Beetle, dinamo na feni ya kupoza injini vinazungushwa na kuroa (mkanda) moja, kwa hiyo ikiwaka ghafla hivyo maana yake batri haichajiwi na injini haipati upepo, na injini yenyewe haina maji wala radiateri, upepo njo kila kitu. Unazima papo hapo. Usijidanganye ati nifike tu pale kwenye kona. Nikazima, nikashuka, nikafungua nyuma, nikaikuta kuroa imelala kwenye bati kama nyoka aliyekanyagwa na kamyo (lori).

Nikazunguka kwa wauza pyesi, yaani spea. Wa kwanza ananiuliza, ya IST? Hapana. Ya Vitz? Ya Noah? Ya Hiace? Nikamwambia ya Koksineli. Kijana akanyamaza kidogo, akaangalia juu kwenye zile kuroa mia zinazoning'inia kama soseji, halafu akaniuliza kwa heshima kabisa, bila kejeli: "Papa, hiyo gari ingali inatembea?"

Nimeliwaza hilo swali miezi yote hii, juu ndani yake kuna kitu ambacho watu wanaobishana kuhusu gari za zamani hawakigusi. Lushi kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema ukiendesha gari ya 1972 wewe umefilisika, unaona haya kusema, unajificha nyuma ya maneno "vintaji". Kambi ya pili, hasa vijana wa kupiga picha za harusi, wanaona ni starehe ya mtu aliyeshiba, kitoi cha Jumapili. Mie ninaiendesha Jumatatu hadi Jumamosi, kwenda kazini, kupeleka unga, kuchukua watoto shuleni, na ninawaambia kambi zote mbili zimekosea mahali pamoja: zote zinadhani uzima wa gari uko ndani ya gari.

Tuhesabu vizuri kwanza. Toyota IST ya kizazi cha kwanza ilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002. Zile zinazojaa mjini kwetu zimepanda meli, zimeshuka Dar es Salaam, zimevuka Zambia, zimeingia mpakani Kasumbalesa, na nyingi zina miaka karibu 20 au imeshapita. Hiyo ni gari ya zamani bwana. Ukimwambia mwenyewe hivyo atakasirika, juu imepakwa rangi upya na ina skrini ya kuonyesha nyuma, lakini umri ni umri. Karibu mji mzima unaendesha vitu vya zamani kila siku. Swali la "gari kuukuu inafaa kwa kila siku au haifai" tulishalijibu zamani, tena kwa miguu yetu. Kilichobaki ni kuuliza: zamani ipi?

Na hapa lazima niseme ukweli unaoniuma. IST inashinda. Haishindi juu ni imara kuliko Koksineli, inashinda juu mji unaijua. Ikikufia saa mbili usiku komini ya Katuba, kijana wa kwanza utakayemsimamisha ameshafungua kumi za namna hiyo. Pyesi yake iko kila kona, mpya, ya okazyo (iliyotumika), ya bandia, ya bandia ya bandia. Hata mtu asiye na garaji anajua ile taa ya injini ikiwaka sensa gani ya kupangusa kwanza. Ule ujuzi haumo kwenye gari, uko mtaani, na wewe mwenye IST unautumia bila kujua kama vile unavyotumia barabara.

Koksineli ilikuwa hivyo hivyo. Tarehe 17 mwezi wa pili 1972, mwaka uleule wa gari yangu, kule Wolfsburg ilitoka ile namba 15,007,034 iliyoipita Ford Model T kwa wingi, na mpaka ya mwisho kabisa inatoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 mwezi wa saba 2003, zilikuwa zimeshapita milioni 21. Huku kwetu Afrika, Uitenhage ya Afrika Kusini, zilitengenezwa tangu 1951 hadi 1979. Gari iliyotapakaa hivyo inakuja na mafundi wake, na wauza pyesi wake, hata na wezi wake. Muzee anayenitengenezea, ambaye alijifunza kazi mu atelye za Gécamines, kampuni ya migodi, enzi za Zaire, anasema wakati ule Koksineli ikisimama njiani hukuita fundi, uliita mtu yeyote mwenye tounevisi (bisibisi).

Ila usidhani ninalia kwa ajili ya zamani. Nieleze kwanza kwa nini bado ninaishika.

Injini ni 1300, nguvu farasi 44 kwenye kitabu, na huku kwetu mita kama 1,200 juu ya bahari hewa nyepesi, kwa hiyo zote 44 hazifiki. Oili ni lita mbili na nusu tu. Haina filta ya karatasi chini, ina wavu, unautoa, unauosha kwa esansi (petroli), unaurudisha. Filta ya hewa yenyewe ni bakuli la oili: vumbi linapita juu ya oili linanaswa humo. Sasa mtu aliyekaa Lushi mwezi wa nane anajua vumbi letu, lile jekundu linaloingia mpaka ndani ya friji. Ninafungua lile bakuli kila wiki mbili nakuta tope zito chini kama ugoro uliolowa. Ninamwaga, ninapangusa, natia oili mpya kidogo, basi, hakuna cha kununua. Jirani yangu mwenye Prado ananunua filta, na akichelewa anaipuliza kwa hewa ya kwado (fundi wa pancha) na kuomba Mungu.

Platini za dilko, vile vipande vinavyokutana na kuachana ili plagi itoe cheche, zinatakiwa kuachana 0.4 milimita, na muzee hajawahi kutumia kipimo cha chuma mbele yangu, anachana kipande cha pakiti ya sigara, anakikunja, anakipitisha, anasikiliza vidole. Siku moja nilichukua kipimo nikapima nyuma yake kwa siri. Ilikuwa 0.4. Valvu ndizo zinazotaka nidhamu, juu zinarekebishwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla hujaenda popote, na ukizipuuza siku zinapobana sana valvu ya egzosi inaungua, halafu ile gari ya "haifi" inakufa. Kila kilomita 5,000 ninalala chini na koti langu la kazi la buluu. Mke wangu anasema ninaenda kuungama.

Ninachopenda hapo si ushairi. Ni kwamba gari hii ikiugua inaugua polepole na kwa uwazi. Inanuka kabla ya kuungua, inagonga kabla ya kuvunjika, inavuja mahali unapoona. Gari ya kompyuta ikiugua inakuwa nzima asubuhi na maiti mchana, ufunguo wenyewe unakataa kutambuliwa, na hakuna kitu cha kushika. Sisi wa leo tumekwama katikati: gari zetu ni za zamani kiasi cha kuharibika, na ni za kisasa kiasi cha kukataa kutengenezwa na mkono peke yake. Kijana mwenye ile skena ya kuchomeka chini ya usukani anasoma namba ya kosa, anabadilisha sensa iliyotajwa, taa inarudi kesho yake. Nimeona mtu amebadilisha sensa tatu, kumbe waya umeliwa na panya.

Jambo lingine dogo lakini la kila siku: usukani wangu uko kushoto. Nchi hii tunaendesha kulia, na nusu ya mji iko na volan ya kuume kutoka Japani, ukitaka kuipita kamyo unamuuliza abiria "kuko kitu?" naye abiria anatazama simu.

Haya, sasa hesabu, juu watu wanapenda kusema gari ya zamani ni rahisi kuitunza. Mie natembea kama kilomita 20 kwa siku, siku 25, kilomita 500 kwa mwezi. Koksineli mjini inakunywa karibu lita 9 kwa kilomita 100, nitumie lita 45. IST ya dada yangu inakunywa kama 7, hiyo ni 35. Lita 10 kila mwezi nazitoa kwa sababu ya umbo na sauti ya injini, tusidanganyane. Pyesi zenyewe ni bei ndogo, ila haziko. Nyingi ninaagiza kwa watu wanaoteremka Afrika Kusini, zinapanda na basi kupitia Zambia, unasubiri wiki tatu, inafika ya gari nyingine. Kwa hiyo nimekuwa na depo nyumbani, sanduku la risasi la bati la jeshi ambalo nililinunua sokoni, ndani mna platini jozi nne, kondansateri, pompi ya esansi, vikombe vya breki, jikleri za karibireta, mipira ya mafuta. Ile mipira ya esansi njo ya kuangalia kuliko vyote, ile ya zamani yenye kitambaa juu inapasuka pole pole huku ndani ya joto, inadondoshea esansi juu ya injini moto, na Koksineli nyingi duniani zimekufa kwa moto hivyo hivyo. Mie nabadilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Na esansi yenyewe, penuri (uhaba) ikija unanunua kwa kadafi, muuza esansi wa njiani, kwenye bidoni, unapata na mchanga na maji bure, jikleri inaziba, unasimama mbele ya rompwe (mzunguko wa barabara) unapuliza kitundu cha shaba kwa mdomo wako huku manseba, wale wa pikipiki za teksi, wanakupigia honi.

Lakini gharama kubwa si hiyo. Ni Jumamosi. Jumamosi mbili kwa mwezi, saa tatu tatu. Mwenye IST anazo Jumamosi zake zote, ananunua nyama ya mbuzi na bia ya Simba baridi. Na saa hizo sita hazitokani na ubovu wa gari, hapa njo hoja yangu ilipo: zamani kazi hiyo ya kutunza pyesi, kujua sauti, kukumbuka namba, ilikuwa imegawanywa kwa mji mzima, fundi anabeba kidogo, muuzaji anabeba kidogo, jirani anabeba kidogo. Mji ulipoigeukia Toyota ukaiweka chini hiyo mizigo yote, na mwenye Koksineli akaiokota peke yake. Mtu akiniuliza kama anunue Koksineli ya kila siku, simuulizi ana pesa ngapi. Namuuliza ana kichwa chenye nafasi?

Kichwa changu kimeshawahi kukosa nafasi. Batri ya Koksineli iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Juu yake kinatakiwa kuwa na kifuniko. Changu hakikuwepo, na sikuwahi kuinua kile kiti kutazama, ni uzembe wangu. Jumapili moja tunatoka misa nimempakia mama mukubwa nyuma, mama mukubwa ni mtu mwenye afya, Mungu amlinde, na mbele ya Katuba tukaanguka kwenye shimo moja la maana. Springi za kiti zikashuka zikagusa vichwa vya batri. Kiti cha namna hii ndani kimejazwa nyuzi kavu kama makumbi ya nazi, yaani ni kiberiti kinachosubiri. Nasikia harufu, nikadhani ni watu wanachoma taka. Halafu sauti kutoka nyuma, bila haraka yoyote: "Mwanangu, kuko kintu inaniungula huku chini."

Nilisimamisha katikati ya barabara, nikamtoa, nikavuta kiti nje moshi unatoka, mtu mmoja wa vitumbula akamwaga ndoo yake ya maji ya kunawia. Kitambaa cha mama mukubwa kilipata tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Sasa juu ya batri kuna shambreri (mpira wa ndani wa tairi) ya kamyo iliyokatwa, nimeifunga kwa mpira mara mbili. Hata hivyo akipanda mpaka leo anakipiga kiti konzi kwanza, kama anabisha hodi, ananiuliza "umetengeneza?" na mie najibu ndiyo mama, kila mara kama mtoto.

Sitaki kuficha kitu, basi niseme na lile baya kuliko yote, nalo ni makamyo. Tangi la esansi la Koksineli liko mbele, chini ya boneti, mbele ya magoti yako. Hakuna mfuko wa hewa. Breki ni ngoma nne bila msaada, unazikanyaga kwa mguu wa kweli. Mu mji, mwendo wa arobaini, sawa. Lakini mji wetu umekatwa katikati na msururu wa makamyo ya migodi yanayoshuka Kasumbalesa, na dereva aliyekaa huko juu hakuoni, paa lako liko usawa wa gurudumu lake. Barabara ya Kasumbalesa siendi nayo. Ya Likasi siendi nayo. Watoto wanakaa nyuma, mikanda nimefunga mwenyewe kwa bolti na rondeli (washa) pana, na tunapita njia za ndani hata kama ni ndefu. Mtu anayekuambia gari za zamani zilikuwa na "chuma cha kweli" muulize chuma hicho kinaenda wapi kikigongwa, kinakuja kwako.

(Najua pia ile hadithi nyingine: hayo makamyo yamebeba kobalti ya batri za gari za umeme za wazungu, na yananipita mimi ndani ya gari ya mwaka 1972. Waandishi wanaotoka nje wanaipenda sana hiyo picha, wawili wameshanisimamisha kuipiga. Mie inanichosha. Niko naenda kazini.)

Mvua ni kinyume cha unavyodhani. Kwenye tope jekundu la kule Ruashi au huko pembeni kabisa, injini imekalia magurudumu ya nyuma yanayosukuma, kwa hiyo inatambaa pale ambapo IST inazungusha matairi ikirusha udongo kwa majirani. Nimewavuta wawili. Sikusema neno, nilifunga kamba tu.

Sasa muzee. Mwezi wa tatu aliniambia macho yake hayaoni tena ile alama kwenye puli, anapiga kwa kukisia. Mkono bado, jicho hapana. Garaji yake ina vijana watatu na wote ni wa Toyota, wanafanya kazi nzuri, haraka, wanalipwa vizuri kuliko yeye. Hakuna aliyemuuliza afundishwe valvu za Koksineli na sioni kwa nini wangemuuliza, gari zenyewe mjini huwa nakutana nazo mbili tatu, na moja imekalia matofali. Kuna watu wanasema huu ni ujuzi unaopotea, tuuhifadhi. Sijui. Ujuzi unaishi ukiwa na wateja, na mteja ni mie peke yangu na mwalimu mmoja mstaafu wa Makomeno.

Lakini ngoja nirudi kwenye ile jioni ya mwezi wa pili, juu sikusema iliishaje. Yule kijana wa pyesi aliyeniuliza kama gari ingali inatembea, hakuishia kuuliza. Aliomba aione ile iliyokatika. Nikampa. Akaipima kwa shubiri, akaigeuza, akatazama upana wake wa ndani, akasema "subiri papa", akaingia nyuma. Akarudi na tatu, akazilinganisha zote na maiti yangu juu ya kaunta, mbili akazitupa pembeni, ya tatu akaifuata mwenyewe mpaka kwenye gari huku ameacha duka. Hajawahi kufungua Koksineli maisha yake. Nikamwonyesha: tounevisi unaingiza kwenye pengo la puli ili isizunguke, nati ya mbele ni funguo 21, unatoa nusu ya puli, ndani kuna vile visahani vyembamba, ukitoa kimoja katikati kuroa inakaza, ukiongeza inalegea. Alicheka. Akasema "kumbe ni hii tu?" Akatoa visahani viwili, akavihamishia nje chini ya nati ili visipotee, jambo ambalo sikumwambia, na ndivyo inavyotakiwa.

Tukawasha. Taa ikazimika. Nikamuuliza hiyo kuroa ni ya gari gani, akasema hata yeye hajui, ilikuja ndani ya mzigo. Iko mle mpaka leo, na kijana amenipigia simu mara mbili kuuliza kama imekatika.